Nimevunjika kwa mikono yangu mwenyewe: je, Mungu bado anaweza kunifanya upya?

Swali: Mchungaji, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala. Kwa miaka minne nimekuwa mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama. Biashara yangu ya vitenge ilipoyumba nilichukua fedha za wenzangu, shilingi 1,850,000, nikiamini nitazirudisha kabla ya mgawo wa Desemba. Nilishindwa, nikaingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ili nizibe pengo, na sasa nadaiwa huku na huku. Mume wangu alipogundua alihamia kwa ndugu zake Tabata. Wenzangu wa kikoba bado hawajui. Usharikani nilikuwa mwanakwaya. Nimeacha, na Meza ya Bwana siisogelei. Silali mpaka saa tisa usiku, chakula hakipiti, na nikipiga magoti maneno hayaji. Siku nyingine naona ni afadhali nisingekuwepo. Jirani ananihimiza niende kwa nabii anifungue, ila kuna sadaka ya kutoa kwanza. Binti yangu wa miaka kumi na minne ananiuliza baba yake yuko wapi. Je, Mungu anaweza kumfanya upya mtu aliyejivunja mwenyewe?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Jibu la swali lako ni ndiyo, nami nalitoa mapema ili usiyasome yanayofuata ukiwa unangojea hukumu. Hata hivyo ndiyo hiyo ina mpangilio wake, na katika kuketi na watu wenye mizigo kama wako hapa Dar es Salaam nimeona wengi wakikwama kwa sababu wameupindua: wanataka kwanza walipe, wajisikie safi na waheshimike tena, ndipo wamkaribie Mungu. Injili inaanzia upande mwingine. Mungu humpokea mtu akiwa bado anadaiwa, akishapokelewa hupata nguvu ya kusema ukweli, malipo hufuata, na hisia, ambazo wewe umezifanya kuwa kipimo cha yote, mara nyingi huja nyuma kabisa.

Kabla sijaendelea, kuna sentensi moja katika barua yako ambayo haiwezi kusubiri, ile unayosema kwamba ni afadhali usingekuwepo. Mtafute leo hii mtu mzima mmoja unayemwamini, dada yako, mama mdogo au mke wa mchungaji wako, umwambie sentensi hiyo kama ulivyoniandikia mimi, na umwombe asikuache ulale peke yako na watoto mpaka umwone daktari. Hospitali ya Rufaa ya Temeke si mbali nawe, na Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Usiku usiolalika, chakula kisichopita na hamu ya kutoweka vinaweza kuwa dalili za sonona, ambao ni ugonjwa unaotibika kwa dawa na kwa mazungumzo ya kitaalamu, na kwenda kutibiwa si upungufu wa imani. Nabii Eliya, siku chache baada ya ushindi wake juu ya mlima Karmeli, aliketi chini ya mti jangwani akaomba afe, kama tunavyosoma katika 1 Wafalme 19. Mungu hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, na kusema naye juu ya kazi yake kulikuja baadaye, alipofika Horebu. Mungu aliyejua kwamba nabii wake anahitaji usingizi na chakula kabla ya neno anajua hivyo juu yako pia.

Sasa nije kwenye kiini cha swali lako. Umeuliza juu ya mtu aliyejivunja mwenyewe, na nadhani ndipo maumivu yako yalipo, kwa kuwa faraja nyingi tunazosikia kanisani zinaelekezwa kwa waliovunjwa na wengine: mjane, yatima, aliyedhulumiwa. Anayejua kwamba kosa ni lake huketi benchi la nyuma akiamini kwamba maneno hayo si yake. Lakini Zaburi ya 51, inayosomwa kuliko nyingi katika ibada za toba, imetanguliwa na maelezo kwamba ni ya Daudi baada ya Nathani kumjia kwa habari ya Bathsheba. Aliyeiomba alikuwa ametwaa mke wa mtu na kupanga kifo cha mumewe. Hakuwa ameonewa na mtu yeyote. Ndiye anayesema, "Ee Mungu, uniumbie moyo safi," na ndiye anayethubutu kusema kwamba moyo uliovunjika na kupondeka Mungu hataudharau. Kumbuka pia kwamba Daudi alisamehewa, lakini matokeo ya alilolitenda hayakufutwa. Nyumba yake iliendelea kuyaonja kwa miaka mingi. Nakwambia hivi mapema ili siku ile utakapokutana na uso wa mwenzako wa kikoba uliojaa hasira usihitimishe kwamba Mungu hajakusamehe. Msamaha wa Mungu na gharama ya kosa vinaweza kukaa katika nyumba moja kwa muda mrefu.

Msome tena Zakayo katika Luka 19 ukiwa na deni lako mkononi. Yesu alijialika kwake, "leo imenipasa kushinda nyumbani mwako," kabla mtoza ushuru huyo hajarudisha hata senti moja na kabla hajatamka ahadi yoyote, na watu walinung'unika kwa sababu hiyo hiyo. Ahadi ya kulipa ilikuja baadaye, ikitoka kwa mtu ambaye tayari alikuwa mwenyeji wa Bwana, na ilizidi kile ambacho sheria ingemdai mtu aliyeungama mwenyewe. Walawi sura ya 6, inayozungumzia mtu aliyemdanganya mwenziwe katika jambo la amana, na fedha za kikoba ni amana hasa, inamtaka arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo aliahidi mara nne. Sikuambii nawe ulipe mara nne, maana kwa hali yako hiyo itakuwa ahadi ya kuvunjwa. Ninachotaka ukione ni kwamba hakulipa ili apokelewe.

Na kuna mwingine aliyerudisha fedha, ambaye hatumzungumzii sana kwa upande huo. Mathayo 27 inasema kwamba Yuda alijuta, akavirudisha vile vipande thelathini vya fedha kwa wakuu wa makuhani, akakiri kwa kinywa chake kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Alikuwa na majuto, alikuwa na ungamo, na alilipa deni lote bila kubakiza. Alichojibiwa ni kwamba hayo hayawahusu, ayaangalie mwenyewe. Akatoka, akaenda kufa peke yake. Petro, ambaye usiku ule ule wa usaliti alimkana Bwana mara tatu, hakuwa na cha kurudisha, lakini hakujitenga na wenzake. Katika Yohana 21 tunamkuta ziwani pamoja na wanafunzi wengine sita wakivua samaki, na ni katikati ya wenzake hao Yesu alipowaandalia chakula juu ya moto wa makaa kisha akamuuliza mara tatu kama anampenda, akimrudishia kazi ya kulisha kondoo kwa kila jibu. Sisemi kwamba tofauti yote kati ya wawili hao ni hiyo, lakini ni tofauti inayokuhusu wewe leo. Tangu mume wako aondoke umekuwa ukilibeba neno hili peke yako, na majuto yanayobebwa pasipo mtu wa kuyapokea huua.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwenda kwa mchungaji wa usharika wako, wiki hii, na kumwomba ungamo la faragha. Wengi wetu tuliolelewa katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) tulisoma habari zake katika mafundisho ya kipaimara, kisha tukaachia ungamo la pamoja la Jumapili lifanye kazi yote. Ungamo la faragha lina kitu ambacho lile la pamoja haliwezi kukupa: unasikia ondoleo la dhambi likitamkwa juu ya kosa hili mahususi, lenye tarehe na kiasi, na sauti ya mtu mwingine, wakati sauti yako ya ndani inakushtaki tu. Mchungaji anawajibika kutunza siri ya ungamo. Kama kwa sababu yoyote huwezi kumwendea wa kwako, nenda kwa mwingine katika jimbo lenu, ila usiache kwenda. Yakobo 5:16 inaunganisha kuungama na kuponywa katika sentensi moja, na nimeona mara nyingi kwamba usingizi huanza kurudi siku chache baada ya siri kutoka.

Baada ya hapo ndipo kikoba, na hapa nakuomba usichelewe hadi Desemba, kwa kuwa ukweli unaotoka kinywani mwako kabla ya mgawo ni tofauti kabisa na ukweli unaogunduliwa siku ya kufungua sanduku. Usiandike kwenye kundi la WhatsApp. Ujumbe wa namna hiyo utasambazwa Mbagala nzima kabla wewe hujapata nafasi ya kueleza jinsi utakavyolipa. Nenda kwanza kwa mwenyekiti, ukiongozana na mzee wa kanisa au ndugu anayeheshimika, ukiwa na karatasi yenye mambo matatu: kiasi ulichochukua, kile unachoweza kulipa kila mwezi bila kudanganya, na vitu unavyoweza kuuza sasa. Jiuzulu uweka hazina hapo hapo, kabla hujaombwa. Usianze na habari za biashara kuyumba wala za mume kuondoka. Hayo ni kweli, lakini yakitangulia yatasikika kama utetezi. Sema, "Nilizichukua fedha zenu bila ruhusa." Huenda wakakusikiliza, huenda wakakupeleka serikali ya mtaa au polisi, nami siwezi kukuahidi lipi litatokea. Wenye fedha ni wao, na haki ya kuamua ni yao.

Wakristo wa Afrika Mashariki tuna urithi katika jambo hili ambao vijana wetu hawaujui vya kutosha. Uamsho uliotokea Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na huku kwetu kupitia Bukoba ulijulikana kwa mambo mawili yaliyokwenda pamoja: watu waliungama waziwazi mbele ya wenzao, na watu walirudisha vitu walivyoiba. Waliyaita kutembea nuruni, kwa maneno ya 1 Yohana 1:7, ambapo kuenenda nuruni kunaleta ushirika sisi kwa sisi na kutakaswa na damu ya Yesu. Ulikuwa na ukali wake, na kuna waliolazimishwa kusema hadharani mambo yaliyopaswa kusemwa faraghani, hilo sikushauri. Lakini watu wale walielewa kwamba kufanywa upya kunaonekana mezani, ambapo fedha inahesabiwa, na si katika machozi ya madhabahuni peke yake.

Juu ya kausha damu nitasema kwa kifupi. Usikope kwa mkopeshaji mwingine ili kumlipa wa kwanza, hata kwa wiki moja. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wawe na leseni, hivyo omba mikataba yako yote kwa maandishi na umwoneshe mtu wa msaada wa kisheria kabla hujatoa kitanda au kadi yako ya benki kuwa dhamana. Wenzako wa kikoba wasikose haki yao kwa sababu mkopeshaji anapiga kelele zaidi.

Jirani yako, naamini, anakutakia mema, kwa hiyo usimjibu kwa ukali. Lakini kwa huyo nabii usiende. Mtu anayekudai sadaka kabla hajakuombea ameshaupindua mpangilio niliouanza nao, maana anakufanya ununue kile ambacho Kristo alikitoa bure, na anakuongezea deni lingine juu ya uliyo nayo. Kuna hasara nyingine iliyo kubwa zaidi. Akikwambia kwamba umefungwa na roho ya umaskini iliyotoka kwa mababu, atakuwa amekuondolea kosa lako, na kwa kukuondolea kosa atakuondolea pia msamaha, kwa sababu hakuna anayesamehewa jambo ambalo hakulifanya. Wewe umeniandikia kwamba ulizichukua wewe. Huo ukweli, ulio mchungu kama ulivyo, una thamani kuliko mafuta yoyote ya upako, nami nakusihi usimruhusu mtu akunyang'anye.

Unasema maneno hayaji unapopiga magoti. Basi usiyatafute. Zaburi ziliandikwa ili mtu asiye na maneno apewe, na mojawapo, Zaburi ya 88, inamlilia Mungu tangu mstari wa kwanza na kumalizikia gizani, bila sifa na bila shukrani, na bado imo ndani ya Biblia kama maombi halali. Isome kwa sauti ya chini usiku, kisha sema Baba Yetu, kisha lala. Asubuhi soma Maombolezo 3:22-23 pekee, "Ni huruma za Bwana kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi." Aliyeyaandika haya alikuwa anatazama Yerusalemu iliyoteketezwa na Wababeli, na aya zinazoyazunguka zimejaa kilio, hakuyaandika mambo yalipokwisha kutengemaa. Zaidi ya hayo usijitwishe kwa sasa, wala mfungo, kwani mwili wako umeshafunga vya kutosha pasipo kupenda. Paulo anasema katika Warumi 8:26 kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Ukimya wako mbele za Mungu, kwa maneno hayo, una mwombaji ndani yake hata usipomhisi.

Ndiyo maana nasema usizipe hisia kazi ya kuamua kama umefanywa upya. Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, iliyotoka mwaka 1529, inafundisha kwamba maana ya ubatizo ni utu wa kale ndani yetu kuzamishwa kwa toba ya kila siku, na mtu mpya kutokea kila siku. Paulo naye, katika 2 Wakorintho 4:16, anasema utu wa ndani unafanywa upya siku kwa siku huku wa nje ukichakaa. Tumezoea kuhubiri upya kana kwamba ni tukio la usiku mmoja wa mkesha, na wanaotoka mkesheni wakiwa wazito vilevile hudhani wameachwa. Siku utakayompelekea mwenyekiti malipo ya kwanza, hata kama ni shilingi elfu ishirini na mkono unatetemeka, mtu mpya atakuwa ametokea, ujisikie lolote utakalojisikia.

Usikae mbali na Meza ya Bwana mpaka deni liishe. Ni kweli kwamba Yesu katika Mathayo 5 anamwambia mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake, lakini anachotaka ni kwamba aende kupatana, na kwenda huko unaweza kukufanya wiki hii. Ukishaungama na kumweleza mwenyekiti ukweli, mwombe mchungaji akuongoze kurudi mezani. Kama usharika wenu utaona ni lazima kwanza utengwe na kurudishwa kundini kwa utaratibu wao, ukubali kwa unyenyekevu, ila mwombe mchungaji akupe tarehe ili usisahaulike huko nje.

Kwaya iache kwanza. Hukosi kustahili, unahitaji kuketi na kuimbiwa. Na akitokea mtu wa kukupa kipaza sauti ili utoe ushuhuda wa jinsi Bwana alivyokutoa, kataa. Makanisa yetu yana haraka ya kuwasimamisha watu madhabahuni kabla jeraha halijafunga, na wenzako wa kikoba watakaokuwa wameketi humo humo ibadani wana haki ya kuona fedha zao zikirudi kabla ya kusikia ushuhuda wako.

Kuhusu mume wako, mwandikie au mtumie mshenga wenu umweleze yale uliyokwisha kuyafanya, bila kumdai arudi. Kilichomuondoa huenda ni kufichwa kuliko deni lenyewe, na kufichwa hakuponywi kwa ahadi bali kwa miezi ya kuona kila kitu wazi, pamoja na simu na daftari la mauzo. Akikubali kuzungumza, mzungumze mbele ya mchungaji. Siwezi kukuhakikishia kwamba atarudi, na yeyote anayekuhakikishia hilo kwa jina la Mungu anasema asilotumwa.

Binti yako ameshajua zaidi ya unavyodhani, maana katika nyumba ya vyumba viwili hakuna ugomvi usiosikika. Mwambie baada ya kumwona mchungaji na kabla ya kukutana na kikoba, ili asilisikie kwa watoto wa jirani. Mwambie kwa ufupi kwamba ulichukua fedha zisizo zako, kwamba baba yake aliumia kwa sababu ulimficha, kwamba yeye na mdogo wake hawana kosa lolote katika hili, na kwamba umeanza kulirekebisha kwa hatua hizi na hizi. Mruhusu akasirike. Usimwombe akutunzie siri, wala asiwe ndiye unayemlilia usiku. Kwa hilo una dada yako na mchungaji wako. Akitaka kumpigia baba yake simu, mpe simu, utoke chumbani.